Maswali ya Wasomaji: Mandolini ya Umeme kwa Bajeti Ndogo

Napiga fidla katika kikundi cha taarabu na sasa nataka mandolini ya umeme. Pesa zangu ni chache. Naona za nyuzi nne, tano na nane. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa? (Msomaji, Tanga)

Kama fidla yako umeityuni G, D, A, E, vidole vyako tayari vinaijua njia, kwani mandolini hufuata mpangilio huohuo. Cha kuamua kwanza ni sauti unayoitaka. Nyuzi nane ni jozi nne; kila jozi ni nyuzi mbili za sauti moja zinazopigwa pamoja, na mng'aro wa taarabu unatokana na hizo pacha. Nyuzi nne si upungufu wa kiwandani. Fender walipoanza kuuza mandolini ya umeme mwaka 1956 waliitoa na nyuzi nne, na hadi leo wapigaji wanaopenda kuvuta uzi kwa kidole huichagua hiyo. Ya nyuzi tano huongeza C chini ya G. Ndiyo idadi aliyotumia mpigaji mandolini U. Srinivas (1969–2014) wa India ya kusini.

Kwa pesa kidogo sisi huegemea nyuzi nne. Vigingi ni vinne tu, na shingo hubeba takriban kilo 33 za mvutano badala ya 65. Lakini kama shabaha yako ni taarabu, subiri ujazie pesa ya nyuzi nane. Pedali ya korasi (kifaa cha mguuni kinachofanya sauti moja isikike kama nyingi) hukaribia mng'aro ule, haiufikii.

Dukani, shika ala kama bunduki na utazame shingo kutoka kichwani: isiwe imepinda kama mkia wa nge. Uliza kama ndani yake kuna chuma cha kuinyooshea. Angalia kama kila kipande cha daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa ala, kinaweza kusogezwa mbele na nyuma kwa skrubu. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti (vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo), polepole. Freti moja iliyoinuka hukwaruza sauti mahali pamoja tu, na kuisawazisha ni kazi ya fundi. Mikwaruzo ya rangi isikutishe, na unaweza kuitumia kupunguziwa bei.

Nimenunua iliyotumika, ya nyuzi nne. Nyuzi wazi ziko sawa, lakini kwenye freti ya 12 sauti inapanda. G na D zinasikika dhaifu kwenye amplifaya, na kuna mvumo. (Msomaji, Mombasa)

Anza na nyuzi, maana nyuzi kuukuu hudanganya tyuna. Udhaifu wa G na D mara nyingi husababishwa na nyuzi za shaba, zilizokusudiwa mandolini isiyo ya umeme. Pikapu ya sumaku, kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, husikia chuma, na shaba iliyozungushwa juu ya uzi haiisaidii kitu. Nunua pakiti ya nyuzi za gitaa la umeme, unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi): namba 10 iwe E, 13 iwe A, 26 iwe D, 36 iwe G. 17 na 46 zitabaki. A ya 13 hulegea kidogo. Ukipata 14 ya rejareja, iweke hiyo. Kama mkia wa ala yako unashika nyuzi za kitanzi, bana kwa koleo kile kigololi kilicho mwishoni mwa uzi wa gitaa mpaka kivunjike na kudondoka, kitanzi kitabaki.

Sasa shingo. Bonyeza G kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, kisha pima nafasi iliyo chini ya uzi kwenye freti ya 6. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.1 ipite kwa shida. Nafasi ikizidi, kaza chuma cha shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo mzunguko, tyuni upya, pima tena. Ukihisi inagoma, acha.

Kisha kidaraja cha juu, kile kilicho karibu na vigingi. Bonyeza uzi nyuma tu ya freti ya 3: juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi nyembamba kama unywele. Ikizidi, noti za freti za mwanzo hupanda, kwa sababu kidole huuvuta uzi kuufikisha chini. Wengi hulaumu daraja la chini bure. Chonga kidogokidogo mfereji wa kidaraja unaokaliwa na uzi. Ukipitiliza, uzi wazi utagonga freti, na itabidi uuzibe kwa unga wa mfupa na supagluu, uanze tena.

Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 kiwe milimita 1.2 kwa E na 1.6 kwa G.

Mwisho ndipo uguse daraja. Linganisha sauti ya kengele ya freti ya 12 (uzi uguswe tu, usibonyezwe) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, legeza uzi, rudisha kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Uzi wa mandolini una takriban milimita 352 tu, kwa hiyo milimita moja hubadilisha tofauti hiyo kwa senti 5 hivi za tyuna (senti 100 ni nusu toni), karibu mara mbili ya gitaa. Sogeza kwa nusu milimita.

Kuhusu mvumo: gusa nyuzi. Ukipungua, waya wa ethi unafika kwenye daraja, na kinachokosekana ni kinga ya kuzuia mvumo wa umeme wa nje. Bandika karatasi ya shaba ndani ya tundu la pikapu, nayo iungwe na ethi. Usipobadilika, fungua ulehemu waya uliokatika kati ya daraja na mgongo wa potenshomita (kile kitufe cha kuzungusha cha sauti).

Mandolini yangu ya kawaida ina pikapu ya piezo. Nikichomeka kwenye miksa, sauti ni nyembamba kama ya kopo. (Msomaji, Zanzibar)

Ala haina kosa. Piezo, pikapu inayosikia mtetemo wa mbao badala ya sumaku, huhitaji kupokelewa na mlango wenye ukinzani wa takriban megaomu 1, na milango mingi ya miksa haifiki huko, hivyo besi humezwa njiani. Weka DI (kisanduku cha kuunganisha ala na miksa) yenye umeme wake, si ile isiyotumia umeme, au prea (kikuza sauti cha awali) ndogo ya betri, kati ya ala na miksa. Waya unaotoka kwenye ala kwenda huko uwe mfupi, usizidi mita 3.