Sipro si dawa ya kuanzia nayo

Tangu utotoni tumeimbiwa wimbo mmoja kuhusu antibayotiki: maliza dozi. Ni ushauri mzuri na siupingi. Ila kuna dawa moja inayouzwa kila mtaa ambayo ukiishika kwa wimbo huo peke yake unaweza kubaki na ulemavu. Ni siprofloksasini, ambayo wengi wetu tunaiita sipro tu.

Mimi si daktari. Naandika kama mtu anayesimamia dawa za mama yake. Mama amevuka miaka 60, ana pumu ya siku nyingi, na kifua kikibana sana huwa anapewa predinizoloni. Kuna wakati alishikwa na homa na mkojo ukawa unamuunguza. Alipimwa katika hospitali moja hapa Tanga, akaandikiwa sipro ya miligramu 500, kutwa mara mbili. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine.

Siku chache baadaye akaanza kulalamikia mguu. "Mwanangu, huku nyuma kunavuta, hata ngazi ya baraza inanishinda." Nilimshika mguu nikaangalia. Ile kano nene inayoshuka nyuma ya mguu hadi kisigino ilikuwa imevimba, ina joto, na ukiibonyeza kidogo tu anashtuka. Tuliporudi hospitali tukaambiwa ni umri, achuliwe kwa dawa ya kuchua na amalizie vidonge vyake. Sikuridhika. Ndani ya boksi kulikuwa na ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, ambayo wengi wetu huitupa pamoja na boksi. Nikaisoma yote. Ilisema wazi: ukipata maumivu au uvimbe kwenye kano, acha dawa na umwone daktari. Ikataja walio katika hatari zaidi: wenye umri unaozidi miaka 60, wanaotumia dawa za jamii ya predinizoloni, na waliopandikizwa figo, moyo au mapafu. Mama alikuwa na mambo mawili kati ya hayo. Daktari mwingine aliisimamisha sipro siku hiyohiyo, akambadilishia antibayotiki, akamwambia aupumzishe mguu na usichuliwe kabisa. Kano haikukatika, namshukuru Mungu, lakini ilichukua miezi kabla hajatembea bila kuchechemea.

Kwa hiyo wimbo wa kumaliza dozi una mpaka wake. Maumivu ya ghafla kwenye kano, iwe ya kisigino, bega, kiwiko au kiganja, yakianza ukiwa kwenye sipro, usimeze kidonge kinachofuata. Rudi kwa aliyekuandikia, siku hiyohiyo, akupe dawa nyingine ya ule ugonjwa wako, maana kuacha dawa na kukaa nyumbani na maambukizi nako ni hatari. Wapo wanaopata shida hii ndani ya siku mbili za mwanzo, na wapo wanaoipata miezi kadhaa baada ya kumaliza vidonge, kiasi kwamba hawakumbuki tena kuwa waliwahi kumeza sipro.

Hili si jambo la kusikia mitaani. FDA, mamlaka inayosimamia dawa Marekani, iliziwekea dawa za jamii ya sipro onyo lake la ngazi ya juu kabisa mwaka 2008 kwa sababu ya kano. Mwaka 2016 ikaongeza kwamba kwa UTI ya kawaida, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mafua ya sainasi na bronkaitisi (maambukizi ya njia za hewa kifuani), zitumike tu pale ambapo mgonjwa hana dawa nyingine inayomfaa. Mwaka 2018 likaja onyo kuhusu sukari kushuka na matatizo ya akili, na mwishoni mwa mwaka huohuo onyo kuhusu kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo, hasa kwa wazee na wenye presha. Umoja wa Ulaya ulibana matumizi yake mwaka 2019, na Januari 2024 Uingereza ikaamua zitolewe pale tu antibayotiki nyingine zinazopendekezwa zinaposhindikana. Siprofloksasini ina ndugu zake: levofloksasini, ofloksasini, norfloksasini, moksifloksasini. Maonyo ni yaleyale. Kuna pia vidonge vilivyochanganya sipro na tinidazoli, na mtu anaweza kuvimeza bila kujua kuwa sipro imo. Soma majina yote mawili kwenye boksi.

Niseme na upande wa pili, nisije nikamtisha mgonjwa anayeihitaji. Walio wengi humeza sipro wakapona bila shida yoyote kubwa. Maambukizi ya figo, homa ya matumbo iliyothibitishwa, baadhi ya maambukizi ya mifupa, hapo sipro imeokoa watu. Ni miongoni mwa dawa za tauni, ugonjwa uliowatesa ndugu zetu wa Lushoto miaka ya 1980 na 1990. Daktari aliyekupima vizuri akikuandikia, akakueleza kwa nini ameichagua, imeze. Ninachokipigia kelele ni kuifanya dawa ya kuanzia nayo kwa kila homa na kila muwasho.

Tuanze na UTI. Hapa kwetu mtu akienda kupima malaria anarudi na UTI. Mkojo umeonekana una usaha kidogo au bakteria, basi, antibayotiki. Kama hujisikii kuungua, huendi haja ndogo kila mara, huna homa wala maumivu ya kinena au kiuno, bakteria kwenye mkojo peke yao kwa kawaida hawahitaji dawa, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye hutibiwa hata asipokuwa na dalili, tena kwa dawa nyingine. Na ukiwa na dalili za kibofu tu, ipo nitrofurantoini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Muulize daktari kama inakufaa, hasa kama una tatizo la figo. Kama UTI inakurudia, omba mkojo uoteshwe maabara, yaani wadudu waliomo wakuzwe ili watambuliwe. Majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa na gharama ipo, lakini yanakuambia ni kimelea gani na ni dawa ipi inayomuua, badala ya kubahatisha boksi baada ya boksi.

Taifodi nayo ina balaa lake. Kipimo cha Widali, kile cha tone la damu na majibu ya "moja kwa themanini" au "moja kwa mia sitini", hakitoshi kumthibitishia mtu kuwa ana taifodi leo. Kinaweza kuonyesha ndiyo kwa sababu uliwahi kuugua zamani, au kwa sababu una malaria au maambukizi mengine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, ichukuliwe kabla hujaanza dawa. Nawafahamu watu ambao kila mwaka wana "taifodi" na kila mwaka wanameza sipro, na hakuna aliyewahi kuoteshewa damu hata mara moja.

Halafu kuna wanaojitibu kisonono kwa siri, kwa sipro waliyoelekezwa na rafiki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema dawa za jamii hii zisitumike tena kwa kisonono kwa sababu usugu umeenea mno. Unameza, dalili zinapungua kidogo, unamwambukiza mwenzako. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi, tafadhali apimwe kifua kikuu kwanza. Dawa hizi huwadhoofisha kwa muda wadudu wa TB, mgonjwa anapata nafuu ya uongo, ugonjwa unachelewa kugundulika, na wadudu wanaweza kujenga usugu dhidi ya levofloksasini, ambayo ni mojawapo ya nguzo za kutibu TB sugu.

Sasa kaunta ya famasi. Kabla hujalipa, mtajie mfamasia kila unachokimeza. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Mwenye pumu anayetumia aminofilini, kama mama zamani, sipro huifanya ile dawa ijae mwilini, na hapo unaona kutapika, moyo kwenda mbio, hata degedege. Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huongezeka nguvu na mtu anaweza kutoka damu. Tizanidini, dawa ya kulegeza misuli, haichanganywi na sipro kabisa. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka, mwenye historia ya mapigo ya moyo kuvurugika, aseme. Mjamzito na anayenyonyesha waseme. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi.

Vidonge vya kuongeza damu, zinki, na vile vya kutafuna vya kiungulia huishika sipro tumboni isiingie kwenye damu. Meza sipro saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Usiimeze kwa maziwa wala mtindi. Meza kwa maji, na uendelee kunywa maji mengi siku nzima. Kahawa ipunguze, kwa sababu sipro huifanya ikae mwilini muda mrefu, ukakesha na moyo unadunda. Jua kali nalo linaweza kukubabua ngozi, kwa hiyo anayeshinda shambani au baharini avae mikono mirefu na kofia.

Mbali na kano, jihadhari na ganzi, kuchomachoma au moto nyayoni na viganjani, kwa sababu neva zikiumia huenda zisirudi. Jihadhari pia na kukosa usingizi kusiko kawaida, wasiwasi mkubwa au kuchanganyikiwa. Kwa wazee watu wa nyumbani ndio wanaoona kwanza. Maumivu makali ya ghafla kifuani, tumboni au mgongoni ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Ukipatwa na lolote kati ya haya, mwambie mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, ya kuripoti madhara ya dawa. Sisi tuliijaza ya mama. Pia kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa wa kwanza, tumeandika kwa kalamu nyekundu jina la dawa, dozi, na kilichompata kisigino, na chini yake majina ya ndugu zote wa dawa hiyo. Kila anapokwenda kutibiwa, daftari hilo linawekwa mezani kabla hajaulizwa anaumwa nini.