Kati ya wangapi?

Ninyi wahudumu wapya wa afya ya jamii, mkoba mtapewa, wenye mashine ya kupima presha na ule utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto. Kujaza takwimu kwenye simu pia mtafundishwa. Hakuna atakayewafundisha namna ya kumjibu mzazi mwenye akili timamu anayewaambia jambo lenye sura ya ukweli, nalo si kweli. Mimi nilijifunzia hayo Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kwa aibu.

Ilikuwa wakati wa surua. Mama mmoja muuza mboga alinisimamisha langoni mwa plot, akimenya minji. Mtaani tunaitwa daktari hata tusipokuwa madaktari. "Daktari, watoto waliougua hapa, zaidi ya nusu walichanjwa. Sasa chanjo yenu inakinga nini?"

Nilijua hakosei, watoto wenyewe nilikuwa nimewaona. Nikababaika, nikasema wataalamu wamethibitisha, na yeye akaendelea kumenya minji yake.

Kesho yake nilirudi nikamwomba punje mia kwenye sinia. Tisini nikaziita watoto waliochanjwa, kumi wasiochanjwa. Nikamwambia, tuseme chanjo inakinga tisa katika kila kumi. Surua ikiingia, kati ya wale 90 wataugua 9. Kati ya wale 10 wataugua, tuseme, 8, maana surua haibishi hodi. Jumla wagonjwa 17, na 9 kati yao walichanjwa: zaidi ya nusu, kama alivyosema. Nikazisogeza zile 17 pembeni. Akatazama waliobaki katika lile rundo la waliochanjwa.

"Kumbe hawa 81 sikuwahesabu," akasema.

Hata mimi nilikuwa sijawahesabu, mpaka usiku ule nilipokosa usingizi. Anayeugua analia, anapelekwa kituo cha afya, anaandikwa. Asiyeugua yuko nje anacheza mpira, na hakuna wa kumwandika. Ndiyo maana mkiletewa idadi yoyote ya wagonjwa, ulizeni kwanza: kati ya wangapi?

Swali hilo lina pacha wake: nani hayupo hapa kusema? Wenye umri wangu wanakikumbuka kikombe cha dawa ya miti cha Babu wa Loliondo, mwaka 2011. Watu walitoka hata hapa Nairobi kwenda Tanzania kwa mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500 za kule, foleni ya magari kilomita kwa kilomita. Mtaani ushuhuda ukajaa, huyu kapona sukari, yule kapona pumu. Waliopona, au waliojisikia nafuu kwa siku chache, walirudi wakasimulia. Aliyefia njiani, au aliyeacha dawa zake akazidiwa, ushuhuda wake angeutoa nani? Mzee anayewaambia "tumekunywa maji ya bomba hili miaka 20 na tuko hai" anafanya kosa hilohilo. Waliokufa hawaji barazani. (Msimjibu hivyo. Mimi nilimjibu, akanifukuza.)

Wengine watasema mnalipwa na wazungu. Hiyo si hoja, msiipotezee jioni. Lakini na sisi tukimwambia mtu "wewe hukusoma", hatujajibu kitu.

Ninayemhusudu katika kazi hii ni daktari John Snow wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 mtaa wa Soho, naye akashuku pampu ya maji ya Broad Street. Hakutosheka na hesabu ya waliokufa. Aliuliza pia kwa nini kiwanda cha bia kilichokuwa palepale, chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakikupatwa na msiba ule. Kumbe walikuwa na kisima chao, na bia ya kunywa. Mpini wa pampu ukaondolewa, na wasimuliaji wengi huishia hapo. Snow mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla, kwa kuwa watu walikuwa wamehama, hivyo asingeweza kuapa kwamba ni mpini uliouzima.

Mimi unyenyekevu huo sikuwa nao. Msimu mmoja wa mvua tuligawa dawa ya klorini ya kutia kwenye mitungi, na baada ya muda kuhara kukapungua. Nikasimama kwenye baraza la chifu, nikatamba: tuligawa, kukapungua, mnaona? Kwamba klorini inaua viini vya kipindupindu sina shaka hata leo. Ila sikuwa nimeonyesha kuwa ndiyo iliyotusaidia pale.

Mkono ukainuka nyuma. Ni yule mama wa minji.

"Daktari, na zile plot ambazo hamkufika, wangapi waliugua? Maana hata mvua iliisha wiki hiyo."

Watu wakacheka. Jumatatu nikaenda na daftari kwenye plot ambazo hatukufika.