VPN Imewashwa, Nani Bado Anakuona?

Msomaji mmoja ameniuliza wiki hii: "Nimewasha VPN, mbona Facebook bado inaniletea matangazo ya pikipiki niliyoitafuta jana usiku?" Swali ni la haki, na jibu lake linaniudhi kila ninapolitoa, kwa sababu huyu mtu amepotoshwa. Ameaminishwa kwamba kitufe kikishageuka kijani, hakuna tena anayemwona. Si kweli, na wanaouza VPN, yaani programu za kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta zao (seva), wanajua kuwa si kweli.

Tuanze na hali ilivyo bila VPN. Ukifungua tovuti, simu kwanza inauliza DNS, yaani daftari la majina ya tovuti, jina hilo lina anwani gani. Kwa kawaida swali hilo linakwenda kwenye seva ya kampuni yako ya simu, wazi kabisa. Baada ya hapo simu inaunganishwa na tovuti, na tovuti nyingi siku hizi zinatumia HTTPS, inayosimba mawasiliano yenu. Kwa hiyo kampuni ya simu haioni nenosiri lako, ujumbe uliouandika wala ukurasa ulioufungua. Inaona jina la tovuti, saa uliyoingia na kiasi cha data ulichotumia. Anayekwambia kwamba bila VPN nenosiri lako la benki linasomwa na kila aliye kwenye waifai ya hoteli, anakuuzia hofu.

Ukiwasha VPN, kila kinachotoka kwenye simu kinafungwa kwa usimbaji na kupelekwa kwenye seva ya kampuni ya VPN. Seva hiyo ndiyo inayokwenda tovutini kwa niaba yako. Kampuni ya simu inabaki kuona kwamba umeunganishwa na seva fulani, tuseme ya Amsterdam, tangu saa ngapi na kwa megabaiti ngapi. Tovuti nayo inaona anwani ya IP (namba ya muunganisho wa intaneti) ya Amsterdam badala ya yako. Kazi ya VPN inaishia hapo. Yale yote yaliyokuwa yakionwa na kampuni ya simu sasa yanaonwa na mwenye VPN, kwa hiyo suala zima linarudi kwenye kumwamini yeye.

Facebook haihitaji anwani yako ya IP ili ikujue. Umeingia kwa jina lako, na tovuti ya muuzaji wa pikipiki huenda ina kipande cha programu cha Meta, mwenye Facebook, kinachoripoti kila ukurasa unaoutazama. Kuna vidakuzi (cookies), alama ambazo tovuti huziacha, vilivyobaki kwenye kivinjari tangu mwezi uliopita, na kuna namba ya utambulisho wa matangazo iliyomo ndani ya simu yenyewe. Ukiwa umeruhusu programu kusoma mahali ulipo, GPS itasema uko Mwanza hata kama IP inasema uko Uholanzi. Kivinjari nacho kinataja lugha, saa za eneo, ukubwa wa skrini na aina ya simu, na mchanganyiko huo mara nyingi unatosha kukutofautisha na wengine.

Dawa ya hayo haimo kwenye VPN. Tenga kivinjari kimoja, Firefox kwa mfano, usichoingia kwa akaunti yoyote, na ukipange kifute vidakuzi kila unapokifunga. Kwenye Android 12 na kuendelea ingia Settings, Privacy, Ads, kisha Delete advertising ID. Kwenye simu nyingine menyu hiyo imo ndani ya Google. Ondoa ruhusa ya mahali kwa kila programu isiyo ya ramani wala usafiri. Kumbuka pia kwamba simu za kawaida na SMS hazipiti kwenye VPN, na mnara wa simu unajua laini yako iliyosajiliwa iko wapi muda wote.

Sasa twende kwenye kumwamini mwenye VPN, maana hapa ndipo watu wanaumizwa zaidi. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Onavo, na programu yake, Onavo Protect, ikanadiwa kama VPN ya bure ya kukulinda. Kumbe ilikuwa inakusanya taarifa za programu unazozitumia na muda unaozitumia, Facebook ipate kujua washindani wake wanaendeleaje. Agosti 2018 iliondolewa kwenye duka la Apple, na Julai 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili za Meta faini ya dola milioni 20 za huko kwa kuwapotosha watumiaji. Hola, VPN nyingine ya bure, nayo ilibainika mwaka 2015 kwamba ilikuwa inauza njia ya intaneti ya watumiaji wake wa bure: mtu usiyemjua alipita kwa anwani yako ya IP, na akifanya uovu, anwani inayoonekana ni yako. Mwaka 2020 UFO VPN, iliyojinadi kwamba haihifadhi kumbukumbu zozote, ilikutwa imeacha wazi hifadhidata yenye anwani za IP na manenosiri ya wateja.

Upande wa pili, tarehe 18 Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za kampuni ya VPN ya Mullvad mjini Gothenburg na hati ya upekuzi wakitafuta taarifa za wateja. Waliondoka mikono mitupu, kwa sababu taarifa hizo hazikuwepo. Mullvad haitaki barua pepe wala jina. Inakupa namba ya tarakimu 16, unalipa euro 5 kwa mwezi, basi. Kama huna hela hiyo, Proton VPN ina huduma ya bure isiyo na kikomo cha data, inayogharimiwa na wateja wanaolipia. Hilo ndilo la kuuliza mbele ya VPN yoyote ya bure: seva na umeme analipa nani? Usipopata jibu, usiipakue. Ukiwa tayari unayo, ifute leo.

Watu wengi Afrika Mashariki waliijua VPN kwa ajili ya kufungua kilichofungwa: Uganda tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku mwaka 2018, Tanzania tangu X (zamani Twitter) ilipozuiwa Mei 2025. Lakini kufungua tovuti na kulinda faragha ni kazi mbili. VPN mbovu kabisa inaweza kukufungulia X huku ikiuza orodha ya kila unachosoma. Sheria nayo izingatie. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN Tanzania wajisajili, ikitaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020, zenye faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Walio Dubai na Abu Dhabi wajue kwamba kutumia VPN kutenda kosa au kulificha kuna faini ya kuanzia dirhamu 500,000.

Tuseme umeshachagua huduma ya kuaminika. Bado simu yenyewe inaweza kukuangusha, kwa hiyo ipime. Zima VPN, fungua ipleak.net, andika anwani ya IP na jina la kampuni linalotokea. Washa VPN, pakia upya ukurasa uleule. Anwani ya IPv4, yaani IP ya aina ya zamani, lazima iwe imebadilika. Tazama na ya IPv6, aina mpya, kwa sababu VPN nyingine hubeba IPv4 tu na kuiacha IPv6 ipite njia yake ya kawaida. Ikitokea hivyo, ingia kwenye mipangilio ya APN (inayounganisha laini yako na intaneti), chagua APN protocol, weka IPv4. Kwenye sehemu ya DNS, ukiona jina la kampuni yako ya simu, orodha ya tovuti zako bado inaifikia. Jaribu kuweka Private DNS iwe Automatic, ili simu itumie DNS ya VPN, kisha upime tena. Sehemu ya WebRTC, njia ya kivinjari ya mazungumzo ya video, isionyeshe anwani uliyoiandika mwanzo. Kwenye Firefox ya kompyuta unaizima kwa kuandika about:config na kuiweka media.peerconnection.enabled iwe false, ila mikutano ya video ndani ya kivinjari hicho haitafanya kazi tena.

Kisha zuia data isitoke VPN inapokatika. Kwenye Android: Settings, Network & internet, VPN, bonyeza alama ya gia pembeni ya jina la huduma, washa Always-on VPN na Block connections without VPN. Jaribu kwa kuifunga programu ya VPN kwa nguvu. Kivinjari kinatakiwa kigome kufungua chochote. Hata hapo Android yenyewe hutuma ukaguzi mdogo wa muunganisho nje ya VPN. Kwenye waifai ya uwanja wa ndege au hoteli, kizuizi hiki huwa kinazuia ule ukurasa wa kuingilia usifunguke, hivyo kizime, ingia, kiwashe tena kabla ya kufungua kitu kingine. Wa iPhone, mjue kwamba miunganisho iliyofunguliwa kabla ya VPN kuwashwa inaweza kuendelea nje yake. Kwa wenye kompyuta na iPhone pia, mwaka 2024 ulitangazwa udhaifu uitwao TunnelVision, ambapo mwenye waifai anatumia chaguo 121 la DHCP, mfumo unaokipa kifaa anwani na njia ya kupita kwenye mtandao, kuielekeza data nje ya VPN. Android haijaguswa, kwa kuwa haitumii chaguo hilo. Waifai usiyoiamini iache. Tumia data ya simu yako.

VPN ikikatika kila skrini inapozimika, tatizo kwa kawaida ni betri. Tecno, Infinix na Samsung huua programu za nyuma ili kuokoa chaji. Shikilia alama ya VPN, ingia App info, Battery, weka Unrestricted. Ikigoma kabisa kuunganishwa ofisini au chuoni, huenda mtandao huo unazuia UDP, mtindo wa kusafirisha data ambao WireGuard, mfumo wa VPN nyingi za sasa, huutumia, kwa kawaida kwenye mlango (port) 51820. Kama huduma yako inao mfumo mwingine uitwao OpenVPN, badili uuweke kwa mtindo wa TCP, mlango 443, ambao hauzuiliki kirahisi kwa kuwa HTTPS inautumia. Itakuwa nzito zaidi. PPTP, mfumo wa kizamani, usiiguse, imeshavunjwa zamani.

Na bando. WireGuard inaongeza baiti 60 juu ya kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya IPv4, kama asilimia 4 pakiti zikiwa kubwa, yaani MB 40 hivi kwa kila GB 1. Hiyo ni ndogo. Hasara kubwa iko kwenye bando la WhatsApp au YouTube pekee: VPN ikiwa imewashwa, kampuni ya simu haioni unatumia programu gani, kwa hiyo inakata kwenye data ya kawaida na bando lako maalumu linaisha muda likiwa halijaguswa.