Madaktari wakishaondoka, usharika unabaki na nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri upande wa Usa River, Arusha. Kila mwaka tunapokea madaktari na wauguzi kutoka usharika rafiki wa Marekani. Wanatibu siku tano, watu wanajaa uwanja mzima, kisha wanaondoka. Wao hutuandikia kwamba safari imewajenga sana kiroho. Kwetu Jumapili inayofuata ibada ni ileile, na kwenye jumuiya, vile vikundi vya sala vya majirani, wanakuja walewale. Je, huduma hii inaukuza kiroho na usharika unaopokea, au inawakuza wageni tu? Halafu, ni sawa kuwahubiria wagonjwa wakiwa kwenye foleni?

JIBU: Amina, mzee. Nianze na la foleni kwa kuwa ni fupi. Si sawa. Mtu mwenye jino linalouma tangu juzi atanyoosha mkono kwa mhubiri yeyote aliyesimama kati yake na daktari. Mkihesabu mikono hiyo kuwa ni waliookoka mtakuwa mnajidanganya, na jirani Mwislamu ataondoka akiamini dawa ya kanisa ina bei. Katika Luka 17 Bwana aliwatakasa wakoma kumi. Akarudi mmoja. Aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuwanyang'anya uponyaji. Maombi yawepo, ila yawe kwenye chumba cha pembeni, baada ya matibabu, kwa anayeyaomba mwenyewe. Asiyeyataka aage na dawa zake kwa heshima ileile.

Sasa lile kubwa. Tukisoma katika Luka 10 habari za Msamaria mwema aliyemwokoa majeruhi njiani, tunamtazama msafiri, punda, mafuta na divai. Mwenye nyumba ya wageni tunamruka. Lakini hesabu siku: Msamaria alikaa usiku mmoja, na siku ya pili akatoa dinari mbili akasema, “Mtunze huyu.” Dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Kwa hiyo aliyebadilisha vitambaa vya vidonda, aliyempikia uji na kumsikiliza akilia usiku, ni yule mwenyeji ambaye Luka hata jina lake hakulitaja. Wageni wenu ndio Msamaria, na ninyi ndio mwenye nyumba. Usharika ambao kwa siku hizo tano unakaa uwanjani kama majeruhi wengine, ukingoja kuhudumiwa, hauwezi kukua, kwa sababu haujafanya kazi uliyoachiwa.

Kazi hiyo huanza mapema. Madaktari wa kigeni wanahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi wana baraza lao, na dawa zinazoingia zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Anzeni miezi sita kabla, na Mganga Mkuu wa Wilaya ajue kabla tangazo halijasomwa kanisani. Kuna wanaoona hayo ni ukiritimba unaozuia kazi ya Bwana. Hao wakumbuke kwamba wale wakoma kumi waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa wakaguzi halali wa ukoma kwa torati. Dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda siku zinapofika. Ombeni pia zilizomo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Mgonjwa wa presha akianzishiwa kidonge kizuri kisichouzwa Usa River, siku ya 31, vidonge vya mwezi vikiisha, anaacha, na presha inarudi palepale.

Tangazo nalo lina hesabu yake. Daktari anayetumia mkalimani anahitaji kama dakika 15 kwa mgonjwa. Saa saba za kazi ni dakika 420, yaani wagonjwa 28. Madaktari wanne ni 112 kwa siku. Mkitangaza katika sharika tano wakaja 400, karibu 300 watarudi nyumbani na uchungu, na uchungu huo hawaupeleki Marekani, wanauacha kwenu. Gaweni namba kupitia jumuiya siku chache kabla, na mzee wa kanisa asiwe na namba za mfukoni kwa ajili ya shemeji zake. Hilo la namba za mfukoni limeharibu ushuhuda wa kanisa kuliko mahubiri mabaya.

Wakalimani ndio mahali ambapo usharika unaweza kukua kiroho haraka, au kuvunjika. Bibi kutoka Poli au Akheri anaeleza ugonjwa wake kwa Kimeru, si Kiswahili, hivyo mara nyingi mtahitaji watu wawili: wa Kimeru na wa Kiingereza. Wafundisheni siku nzima. Mkalimani aseme kama mgonjwa alivyosema, “ninaumwa hapa,” bila kufupisha na bila kuongeza maoni yake. Akae pembeni ya mgonjwa, si katikati. Na ale kiapo cha siri mbele ya mchungaji, kwa kuwa atasikia habari za VVU, za mimba, za kipigo cha nyumbani, kwa watu anaokutana nao kisimani. Kijana aliyesikia siri kumi za majirani akazitunza mwaka mzima amejifunza juu ya Zaburi ya 15, ile ya asiyesingizia kwa ulimi wake, kitu ambacho semina haiwezi kumpa. Akizitoa, hakuna atakayemwamini mchungaji wenu tena, achilia mbali mkalimani.

Lakini kiini ni daftari. Kila mgonjwa anayehitaji kurudi hospitali aulizwe kama anakubali kutembelewa. Akikubali, andikeni jina, simu, jumuiya iliyo karibu, kituo alichoelekezwa na tarehe ya kurudi. Ugonjwa wenyewe usiandikwe. Huo unabaki kwenye cheti chake. Jumuiya moja isibebe zaidi ya majina matano. Watembelewe wiki ya kwanza, ya nne na ya kumi na mbili. Kuna swali la kuuliza, “Ulirudi kituoni?”, na kuna la kufuata, “Nini kilikuzuia?” Mara nyingi jibu ni nauli. Hapo diakonia, idara ya kanisa ya kuwasaidia wahitaji, inafungua mfuko wake: nauli ya kwenda KCMC, Moshi, na ya msindikizaji. Hospitali ile, iliyofunguliwa mwaka 1971, inamilikiwa na taasisi yenye jina la huyohuyo Msamaria Mwema, lakini mgonjwa asiye na nauli haioni.

Jambo jingine ambalo mwenyeji analiona na mgeni halioni: meno. Timu huleta daktari wa meno, anang'oa, anasafisha, anagawa miswaki. Meno ya kahawia ya watoto wa ukanda wenu wa Meru hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki. Ni madini ya floraidi katika maji, yanayoharibu jino likiwa bado linaundwa ndani ya fizi, hasa kabla ya umri wa miaka minane. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuyaondoi, maji yanapungua, floraidi inabaki, basi inazidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, na maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Paa la kanisa la mita za mraba 200 hupokea lita 200 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya milimita 30 ni lita 6,000, toa kidogo zinazomwagika. Tenki chini ya paa hilo, kwa ajili ya wajawazito na watoto wadogo wa dini zote, ni matibabu yasiyosubiri ndege.

Kuhusu wageni kujengeka, msiwaonee wivu. Paulo alipofika Malta alifika kama mtu aliyevunjikiwa na meli, na wenyeji ndio waliomwashia moto kwanza. Baba yake Publio, yule mkuu wa kisiwa, aliponywa na Paulo baadaye. Waulizeni tu swali moja: wakirudi kwao wanasimulia nini? Katika Matendo 14:27 Paulo na Barnaba walikutanisha kanisa la Antiokia wakaeleza mambo Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Kama wanaonyesha picha za watoto wenu wenye makamasi ili kuchangisha, waandikieni waache, kwa upole lakini wazi.

Timu ikija mwakani, jioni ya kwanza, kabla masanduku hayajafunguliwa, wekeni daftari la mwaka uliopita mezani, mmesitiri majina. Wangapi walirudi kituoni, wangapi hamkuwapata, wangapi mmewazika, nauli iligharimu kiasi gani. Mwenye nyumba ya wageni aliambiwa kwamba akigharimiwa zaidi atalipwa, na ili adai ilimpasa awe ameandika.