Risiti tatu za babu

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, sensa za zamani zinaweza kukuonyesha ukoo wako ulikotoka?" Naandika kutoka Kimilili, na jibu langu ni kwamba inategemea karani alikuja kwenu kuhesabu nini.

Mpwa wangu ameoa Leeds. Mkewe ana nakala ya sensa ya Uingereza ya 1881, na humo yumo babu wa babu yake: jina, umri, kazi, mahali alipozaliwa, kisha mke na watoto wamepangwa chini yake mmoja mmoja. Kule fomu hufungwa miaka 100 halafu kila mtu anaruhusiwa kuzisoma. Za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Za 1931 ndizo hawatazisoma kamwe, ziliungua mwaka wa 1942. Mpwa alinionyesha hayo yote kwenye simu, nami kwa kiburi nikamwambia ngoja, nitakuletea ya kwetu.

Ya kwetu! Sensa za 1911 na 1921 hapa Kenya ziliwahesabu Wazungu na Waasia. Idadi ya Waafrika ilikadiriwa tu kwa hesabu ya nyumba zilizotozwa kodi. Sensa kamili ya kwanza iliyotuhesabu sisi ilifanyika Agosti 1948, na kwa sisi Wabukusu huo haukuwa mwaka wa kumfungulia karani mlango. Februari polisi walikuwa wamewafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini ya Elijah Masinde iliyopinga wakoloni, kule Malakisi, watu 11 wakafa. Miezi sita baadaye mtu wa serikali anaingia uani na karatasi, anauliza hapa mnalala wangapi. Shangazi yangu anasema babu alitaja nusu ya watoto. Waliobaki walikuwa wamechutama ndani ya mahindi, yeye akiwa mmoja wao. Kwa hiyo nikisoma kwamba Kenya ilikuwa na watu milioni 5.4 mwaka huo, najua kuna watano au sita wa boma letu ambao hawamo.

Vitabu vya sensa vilivyochapishwa vina jumla tu, na habari za mtu mmoja mmoja zinalindwa na sheria ya takwimu ya 2006. Lakini tuseme zingefunguliwa kesho asubuhi, ningemtafuta babu kwa jina gani? Aliyezaliwa wakati wa palizi ni Wanyonyi, wa mavuno Wekesa, wa mvua Wafula, wa njaa Wanjala, na wa siku ya baraza la chifu ni Barasa. Kijiji kimoja kina akina Wekesa kumi. Tena jina la babu hurukia kwa mjukuu, ndiyo maana mimi ninalo lake, na shangazi hunisalimia "baba". Mwaka wa kuzaliwa nao hakuna aliyeuandika. Tunaambiwa tu babu alizaliwa Waingereza walipoivunja Chetambe, ngome ya Wabukusu, yaani 1895. Jirani zetu Wakatoliki wana afadhali, maana misheni ya Kibabii ina vitabu vya ubatizo tangu miaka ya 1930. Sisi ni watu wa kanisa la Friends (Quakers), hatubatizi kwa maji, basi hata kitabu cha kuchungulia hatuna.

Kilichonisaidia kilikuwa juu ya dari ya marehemu baba, ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Kipande cha babu, kile kitambulisho cha enzi za ukoloni, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Zilizosalia ni risiti za kodi ya nyumba, tatu, zote za 1934, shilingi 12 kila moja, zote kwa jina lake.

Sote tunajua babu alikuwa na wake wawili.

Kodi ile ilitozwa kwa nyumba. Mwenye wake wawili alilipa mara mbili, na karani wa kodi, tofauti na yule wa sensa, hakudanganyika kwa watoto kujificha shambani, kwa sababu nyumba haikimbii. Nikaona basi babu alikuwa na mke wa siri. Nilimweleza amu yangu, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nisimchafue mzee wa watu.

Nikaenda Chwele kwa shangazi, ambaye sasa amepita miaka 90. Nilimsomea risiti moja moja.

"Shangazi, hii nyumba ya tatu ilikuwa ya nani?"

"Baba, hiyo si ya mke wake. Ni ya mke wa kaka yake."

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kaka mkubwa wa babu aliingizwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi (Carrier Corps), akabeba mizigo ya Waingereza wakipigana na Wajerumani upande wa Tanganyika ya leo, hakurudi. Babu alimrithi mjane kama desturi ilivyotaka, na serikali iliyomchukua mume ikaja kumtoza babu kodi ya nyumba ya yule mjane. Hapo shangazi alinyamaza kidogo, akaomba chai. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nadhani mmoja wao ni huyu. Jina lake nimelipata kwa shangazi, pamoja na la mjane, ambalo hata risiti ya nyumba yake mwenyewe haina.

Mjane alizaa wawili, na kizazi chao kiko Kitale. Kumbe ndio wale watu ambao tangu utotoni huja matangani kwetu, wanakaa mstari wa mbele na wafiwa, nasi tukiuliza ni nani tunaambiwa "hao ni wetu" bila zaidi.

Desemba naenda kuwaona. Shangazi ameniagiza nibebe sukari kilo mbili, na zile risiti niziache nyumbani, wasije wakadhani nimewafuata kudai shilingi 12.