Muulize Mwalimu: Mwanangu anasoma Romeo na Juliet, mimi nimsaidieje?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Columbus, Ohio, Marekani, mwaka wa sita sasa. Mkubwa wangu, Baraka, yuko darasa la tisa, na mwalimu wao wa Kiingereza amewapa tamthilia ya Romeo na Juliet. Kiingereza cha Baraka ni kizuri, barua zote za benki ananisomea yeye. Lakini kitabu hiki alikirusha kitandani akasema, "Mama, hiki si Kiingereza." Nikakiokota. Mimi nafanya kazi ghalani usiku, Kiingereza changu ni cha "weka hapa, beba kule". Sikuambulia hata mstari mmoja. Nina maswali matatu. Kwa nini wanawafundisha watoto lugha ambayo hata wenyewe hawaiongei? Mimi nisiyeijua nimsaidieje? Na nimesikia kuwa mwishoni hao watoto wanajiua. Hilo linanitisha.

Mama Baraka, Columbus

JIBU

Marahaba, Mama Baraka. Mwambie Baraka kuwa amekosea kidogo tu. Ni Kiingereza, ila cha miaka ya 1590, na Shakespeare alikiandika kisemwe na waigizaji mbele ya watu waliosimama uwanjani. Ukikisoma kimya kimya kitandani, hakisemi.

Najua kwa sababu nami nilikirusha changu. Nikiwa kidato cha tatu, Tanga, tulisomeshwa Julius Caesar, tamthilia yake nyingine, na mwalimu aliyetuamuru tukariri hotuba ya Antony kwenye mazishi ya Kaisari mistari yote, na anayekwama anyooshe mkono. Hotuba naijua hadi leo, nina miaka 71, nikiamshwa usingizini naitoa. Maana yake niliielewa miaka mingi baadaye, siku wanafunzi wangu mwenyewe walipoiigiza chini ya mwembe na mmoja akaanza kulia kwa uongo ili kuupandisha umati hasira. Nikasema kumbe! Huyu Antony ni mwanasiasa wa mkutano wa hadhara.

Basi anza na ukurasa wa kwanza. Watumishi wa ukoo wa Capulet, wa kina Juliet, wanakutana barabarani na wale wa Montague, wa kina Romeo, maadui zao. Mmoja anauma kidole gumba. Huko kwao wakati ule, hilo lilikuwa tusi. Wa upande wa pili anauliza: unatuumia sisi kidole? Yule anamgeukia mwenzake, anamnong'oneza: nikisema ndiyo, sheria itakuwa upande wetu? Anaambiwa hapana. Basi anajibu: siwaumii ninyi kidole, bwana, ila kidole nauma.

Mama Baraka, hebu weka msonyo mahali pa kidole. "Unanisonya mimi?" "Sikusonyi wewe. Nasonya tu." Umeshaiona hiyo mara ngapi, bombani au kwenye daladala? Nilipofundisha tamthilia hii niliwaambia darasa zima waigize kwa kusonya. Watoto 40 wakasonya kwa mpigo, mkuu wa shule akapita dirishani, akaingia na fimbo akidhani wananisonya mimi. Ilibidi nimweleze Shakespeare papo hapo. Hakuridhika.

Kwa hiyo hili la pili naona jibu lake unalo mwenyewe. Wewe huhitaji kujua Kiingereza cha kitabu hicho. Mwambie Baraka akusomee onyesho moja kwa sauti, kisha akueleze kwa Kiswahili nani kamwambia nani nini, na kwa nini. Akikwama kukueleza, hapo ndipo hajaelewa, arudie. Maktaba ya Folger ya Washington imeweka maandishi yote kwenye intaneti bure, na kuna matoleo yenye Kiingereza cha leo ukurasa wa pili. Ayatumie baada ya kusoma, si badala yake. Muhtasari utampa kisa, na kisa ni chepesi, kinaishia kwenye sentensi mbili. Mwalimu wake atauliza maneno.

Maneno yenyewe yana mitego mitatu minne hivi. Ule mstari maarufu wa Juliet dirishani, "wherefore art thou Romeo", watu wengi hata huko Marekani hudhani anauliza Romeo yuko wapi. Siyo. "Wherefore" ni "kwa nini". Anauliza kwa nini wewe uwe Romeo, mtoto wa maadui zetu, katika majina yote ya dunia. Na hilo "thou" ni "wewe" wa mtu wa karibu, au wa chini yako, wakati "you" ilikuwa ya heshima. Kama una jirani Mkongomani aliyesoma Kifaransa, muulize habari za "tu" na "vous", atakueleza kwa dakika moja. Sasa mpe Baraka kazi: kwenye sherehe, Juliet anapokutana na Romeo mara ya kwanza, anamwita "you". Usiku huohuo dirishani, akidhani yuko peke yake, ni "thou". Saa chache tu zimepita. Akiligundua hilo mwenyewe akaliandika kwenye insha, mwalimu wake atafurahi.

Halafu pale wanapokutana, Romeo anasema mistari minne, Juliet anamjibu minne, kisha wanagawana iliyobaki mpaka inatimia 14 yenye vina, ndipo wanabusiana. Ni shairi moja limetungwa na watu wawili ambao hawajatajiana hata majina. Sisi tuliokulia kwenye kujibizana kwa mashairi tunaliona mara moja. Wengine hulipita tu. Mizani pia ahesabu, kwa kugonga meza: mstari wa kawaida una 10, dhaifu kisha nzito, dhaifu kisha nzito. Shairi letu lina 16, nane kila kipande, kwa hiyo hilo halitamshinda. Na atazame watumishi wa ule ugomvi wa kidole: wao wanaongea maneno ya kawaida, bila mizani.

Vichekesho navyo vipo hadi kifoni. Mercutio, rafiki wa Romeo, amechomwa upanga, anawaambia wenzake wamtafute kesho, watamkuta "a grave man". "Grave" ni mtu mzito asiyecheka, na ni kaburi. Anakufa huku anatania.

Nije kwenye hofu yako, maana hiyo si ndogo. Ndiyo, wote wawili wanajiua. Juliet hajatimiza hata miaka 14, mama yake anasema zimebaki wiki mbili na siku kidogo. Shakespeare alikichukua kisa kwenye utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, ambako msichana anakaribia miaka 16 na mambo yanachukua miezi. Yeye akampunguza umri, akayabana mambo yote yaanze Jumapili na kuishia alfajiri ya Alhamisi. Makusudi kabisa. Hakuna anayepata muda wa kufikiri.

Labda unaogopa pia atajifunza ukaidi. Mimi nikiisoma nawaona wakubwa. Kijana Paris anakuja kumposa Juliet, na mwanzoni baba anajibu vizuri sana: mtoto bado mdogo, zipite kiangazi mbili. Siku chache tu, baada ya msiba wa mpwa wao, anakubali posa bila kumuuliza binti, anapanga harusi Alhamisi, kisha anaivuta hadi Jumatano. Binti akikataa anamwambia akajinyonge, aombe, afe njaa mitaani. Mama yake anageuza uso. Anabaki yaya, aliyemnyonyesha, aliyempelekea ujumbe wa siri kwa Romeo, aliyekuwa kwake kama somo au kungwi. Juliet anamwomba neno la faraja. Yaya anamshauri aolewe tu na Paris, maana Romeo kafukuzwa mji kwa kumuua huyo mpwa. Juliet ameshaolewa na Romeo kwa siri, na yaya anajua! Juliet anamshukuru kwa upole, na kuanzia hapo hamwambii tena siri yake. Mimi sipati tabu na kaburi la mwisho kama ninavyopata tabu na ukurasa huo. Usome na Baraka, hata ukiuruka mwingine wote. Kisha muulize: wewe ungemwendea nani?

Na muulize bila kuzunguka, kwa neno lenyewe, kama yeye au rafiki yake amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi mtoto wazo hilo kichwani. Huko Marekani namba 988 inapokea simu na ujumbe wa watu walio katika hali hiyo, mchana na usiku. Mwandikie kwenye friji, isionekane ni jambo la aibu.

Kuna barua pia, nisiisahau, kwa sababu Baraka, aliyeuona mwaka 2020 wa korona, ataielewa kuliko wanafunzi wangu walivyoielewa. Padri aliyewaozesha anamtumia Romeo barua kumweleza kuwa Juliet hajafa, amelala kwa dawa ili kuikwepa harusi ya Paris. Aliyebeba barua anafungiwa ndani ya nyumba kwa sababu wakaguzi wa mji wanashuku tauni, na barua inarudi ilikotoka. Kumbi za London zenyewe zilifungwa sehemu kubwa ya miaka 1592 hadi 1594 kwa sababu ya tauni. Watazamaji wale hawakuhitaji kuelezwa karantini ni nini.

Swali lako la kwanza, kwa nini wanawafundisha, nakuachia umuulize mwalimu wake, na ni haki yako kuuliza. Shule ya umma huko inatakiwa kisheria kumpatia mzazi asiyejua vizuri Kiingereza mkalimani, bila malipo. Omba mapema, na usikubali Baraka awe mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Mimi nimewahi kuwa mkalimani wa kikao changu. Baba alirudi nyumbani akijua mimi ni mwanafunzi bora.

SWALI

Mwalimu, kuna ubishi kijiweni. Mmoja anasema Nyerere alitafsiri Shakespeare yote, pamoja na hiyo ya Romeo. Kweli?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Si kweli. Alitafsiri mbili: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 akairekebisha 1969, na mwaka huohuo wa 1969 Mabepari wa Venisi. Tazama jina hilo. Kwa Kiingereza, The Merchant of Venice, ni mfanyabiashara mmoja tu. Yeye akaandika mabepari, wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Samuel Mushi naye alitutafsiria Makbeth na Tufani miaka hiyohiyo. Nakala yangu ya Mabepari haina jalada tena, na siiazimishi.