Kaoa mara mbili na mke wa kwanza bado yu hai kwenye sensa: ni talaka?

Mkuu, kwa ulivyoeleza, mzee wa ukoo wa mkeo alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba Lancashire, England, akaoa 1868, akaoa tena 1879, na mke wa kwanza anaonekana hai kwenye sensa ya 1881. Kwa familia ya kipato hicho, anza kwa kudhani talaka haikuwepo, halafu makaratasi ndiyo yakubishie.

Kabla ya 1858, talaka ya kumruhusu mtu kuoa tena ilipitishwa Bungeni, mtu kwa mtu. Mahakama ya talaka ilipoanza mwaka huo ilikaa London tu: wakili, nauli, mashahidi, yote juu yako. Mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi. Mke alitakiwa uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa miaka 2. Kuanzia 1878 hakimu wa mtaani aliweza kumpa mke aliyepigwa vibaya amri ya kutengana na matunzo. Amri hiyo haikumruhusu yeyote kuoa tena.

Hata hivyo, pekua majalada ya kesi za talaka, yenye namba J 77, ya Hifadhi ya Taifa kule Kew, London; ya 1858 hadi 1927 karibu yote yapo, na orodha inatafutika mtandaoni kwa jina. Ukikuta jalada usishangilie mapema. Maombi mengine yaliachwa njiani, na tangu 1866 kati ya hukumu ya awali na ya mwisho ilipaswa kupita miezi 6. Unachotaka ni ile ya mwisho. (Kama walikuwa Scotland, habari ni nyingine kabisa: huko talaka ilikuwepo tangu karne ya 16, kwa mume na mke sawasawa.)

Sasa agiza cheti kamili cha ndoa ya 1879, maana fahirisi haitakusaidia. Tazama safu ya hali ya ndoa. Kajiandika kapera? Huyo anaficha. Kajiandika mgane? Tafuta kifo cha mke kati ya 1868 na 1879. Kisha hakikisha yule wa 1881 ni mwenyewe kwa watoto anaoishi nao, si kwa jina, kwani majina yalifanana mno. Na neno “mjane” kwenye sensa si ushahidi. Wanawake wengi waliotelekezwa walijiita hivyo kuepuka aibu.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa ndoa ya pili navyo vina siri. Kwenye safu ya mama, jina baada ya “formerly” ni la ubini wake. Likitanguliwa na jingine lenye “late”, huyo naye alishawahi kuolewa.

Kuna hii miaka 7. Sheria ya 1861 iliadhibu kosa la ndoa mbili kwa kifungo cha hadi miaka 7, ila haikumtia hatiani aliyepotezana na mwenzi wake miaka 7 mfululizo bila kujua kama yu hai. Watu wakaigeuza kuwa talaka ya bure. Haikuwa hivyo: mwenzi akiwa hai, ndoa ya pili ilikuwa batili. Mzee wenu ana miaka 11 katikati, kwa hiyo hapa ndipo ninapopashuku zaidi. Angalia kama yeye na mke wa pili walifunga ndoa tena miaka ya baadaye; ukiona hivyo, rudi utafute kifo cha mke wa kwanza muda mfupi kabla.

Kama alishtakiwa, atakuwemo kwenye rejista za jinai za HO 27, zinazoishia 1892, na gazeti la mkoa litakuwa na maelezo kuliko rejista. Cheti kikifika, tuwekee hapa hali ya ndoa, jina la baba na mashahidi.